Makaa Niliyoyafunika kwa Jivu

Mama mwenzangu, kama dirisha la banda lako la kupikia umeliziba kwa gunia ili upepo usimalize mkaa, nenda ukalizibue kwanza, ndipo urudi kusoma. La kwangu nililiziba kwa mikono yangu, nikagongelea misumari minne, na nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili nikajisifu.

Tunakaa Nyarugusu, mkoa wa Geita. Mume wangu, Masele, alikuwa mchimbaji. Mtoto wetu ni mmoja, Limi, wakati huo ana miaka mitano, mtoto wa maneno mengi, anaongea na kuku kama anaongea na watu.

Mimi kwetu ni upande wa Mwakitolyo, Shinyanga. Baba yangu alikuwa na ngitili, yaani eneo la majani na miti linalofungwa, ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikali. Nimekulia kwenye kivuli cha migunga ya pale. Dhahabu ilipoonekana karibu nasi, miti ikaisha mbele ya macho yangu. Mingine ilishushwa mashimoni kuzuia kuta zisianguke, iliyobaki ikawa mkaa. Baba amekufa akiwa na ng'ombe watatu waliokonda na uwanja mtupu. Kwa hiyo afisa misitu alipokuja kwenye kikundi chetu cha akina mama, akatuambia kila gunia la mkaa ni mti uliolala, na kwamba moshi wa majiko yetu pamoja na miti tunayoikata vinaongeza joto hili na kuvuruga mvua, wenzangu walipiga miayo. Mimi nilikuwa kama naambiwa habari za msiba wa nyumbani.

Nikayashika yote. Maharage nikawa naloweka tangu jana yake. Sufuria haikai motoni bila mfuniko. Nikafinyanga jiko banifu la udongo linalokula mkaa kidogo. Nikatengeneza na kapu: kapu kubwa la ukindu nililolijaza pumba za mpunga na mablanketi makuukuu, chakula kikichemka nusu saa unakitia humo na sufuria yake, unafunika, kinamalizia kuiva chenyewe. Makaa yanayobaki jikoni nayafunika kwa jivu, mchana nayafukua nipashe maji ya kuoga. Nyumba yangu ikawa na sheria. Moto unawashwa mara moja kwa siku, basi. Sado ya mkaa, kile kindoo cha kupimia sokoni, iliyokuwa ikiisha kwa siku moja ikaenda siku tatu. Kikundi kikaanza kuleta wageni waone banda langu.

Afisa yule alisema pia kwamba mahali pa kupikia papitishe hewa. Alisema, siwezi kumsingizia. Mimi nilichagua la kusikia.

Sasa nikueleze kuhusu Masele, ili uelewe makosa yalivyoshikana mikono. Mchimbaji akishasaga mawe na kuosha mchanga, dhahabu inakuwa bado vumbi dogo dogo. Huikamata kwa zebaki, ile dawa inayotembea kama maji mazito ya bati. Akiikamua kwenye kitambaa inabaki gololi ya kijivu. Gololi hiyo inachomwa kwenye makaa, zebaki inaruka hewani, dhahabu inabaki. Huo mvuke hauna rangi wala harufu. Ndiyo maana tuliishi nao kama jirani mwema.

Kwenye duara lao, yaani shimo lao, dhahabu ilikuwa inachomwa mbele ya wote, kila mtu amekaa anatazama, asiwepo wa kumwibia mwenzake. Msimamizi wao, Bujiku, alikuwa mkali sana kwa hilo. Lakini mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa kila mmoja aliruhusiwa kuchukua, akahangaike nayo nyumbani. Masele alikuwa akichomea mabaki yake nyuma ya choo. Siku moja nikamkuta amewasha moto wake huko.

"Baba Limi! Kopo zima la mkaa kwa kitu kama punje ya karanga?"

"Sasa nikichome kwa jua?"

"Jikoni moto upo kila siku chakula kikishatoka. Moto upo, wewe unawasha mwingine!"

"Haya, Waziri wa Mkaa. Nimesikia."

Akacheka, na mimi nikacheka. Hayo maneno niliyasema mimi. Nimeyageuza kichwani mara nyingi, yanabaki vile vile.

Ilikuwa Jumamosi, mvua ya Novemba imeanza asubuhi, baridi. Niliwasha moto wangu mmoja, nikachemsha makande, nikayatia kwenye kapu. Makaa nikayafunika kwa jivu. Nikaondoka kwenda kwa jirani yangu Paskazia, tulikuwa tunafinyanga majiko ya kikundi. Limi akabaki na baba yake. Alipenda kukaa bandani kwa sababu pana joto, na kuku wake alikuwa ameatamia mayai kwenye kona.

Nikiwa kwa Paskazia mikono imejaa udongo, Masele aliingia bandani. Haya alinieleza mwenyewe baadaye. Mfukoni alikuwa na gololi ya kijivu iliyofungwa kwenye kitambaa, na haikuwa ya mabaki. Alikuwa ameficha jiwe la duara ndani ya soksi, akalitwanga peke yake. Nilimuuliza kwa nini, akasema hata yeye hajui, aliliona linang'aa mkono ukatangulia. Kitu cha namna hiyo hukichomi nyuma ya choo, mtu anaweza kukuona. Akakumbuka moto wangu. Akafukua jivu, akachukua kijiko cha chuma kirefu, kile cha kukorogea uji, akaweka gololi humo, akakishika juu ya makaa. Akavuta mlango. Dirisha lilishazibwa, mimi nililiziba. Limi alikuwa amekaa kwenye kona anamsimulia kuku hadithi.

"Baba, unapika nini?"

"Dawa ya meno. Kaa huko huko."

Akakaa huko huko. Alikuwa mtoto msikivu.

Niliporudi saa tisa, kitu cha kwanza nilichokiona ni kuku. Amesimama uani kwenye mvua, ameacha mayai. Kuku anayeatamia hatoki nje kwenye mvua, wewe unajua. Nilimfukuza arudi ndani, akanizunguka akaenda kujificha chini ya beseni. Nikasema ni ujinga wa kuku.

Limi alikuwa amelala kitandani, analia kichwa.

"Mama, mdomo wangu una ladha ya msumari."

"Umeramba msumari?"

"Sijaramba. Upo tu."

Masele alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, naye anakohoa, macho mekundu. Nikauliza wamekula nini. Akasema, "Hatujala kitu. Mvua hii, wameshikwa na mafua watu wengi." Nikaamini. Mtu uliyezaa naye akikwambia mafua, unasema mafua.

Asubuhi ya Jumapili kifua cha Limi kilikuwa kinapanda na kushuka haraka kama cha ndege aliyeshikwa. Mwili moto. Tukampakia kwenye bodaboda katikati yetu mpaka zahanati. Mganga wa zamu alikuwa kijana mpole anaitwa Deusdedit. Akampima malaria, hakuna. Akaweka kile kifaa chake kifuani, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, nyumbani mnapikia nini?"

"Mkaa, daktari. Tena kidogo sana. Sisi tunawasha moto mara moja kwa siku."

"Mahali pa kupikia panapita hewa?"

Hapo ndipo ningemwokoa mwanangu kwa sentensi moja. Lakini kichwani niliwaona wale wageni wa kikundi wakinipiga picha nimesimama mlangoni pa banda langu. "Panapita," nikasema.

Akamgeukia Masele. "Baba, kuna kitu chochote kimechomwa ndani? Plastiki, dawa ya mbu, takataka? Huku kwenu wengine wanachomea dhahabu majumbani."

"Mkaa tu," alisema Masele.

Kwa hiyo tulidanganya wote wawili, kila mtu uongo wake, na mtoto amekaa katikati anavuta pumzi kwa shida. Deusdedit aliandika dawa ya kichomi. Akasema akibadilika turudi mara moja, na kwamba tumweke mahali pakavu, penye joto.

Nyumbani kwetu mahali pakavu penye joto palikuwa bandani tu. Chumbani bati lilikuwa linavuja.

Ilipofika saa nane nilitandika mkeka bandani, pembeni ya jiko. Makaa ya asubuhi yalikuwa chini ya jivu. Nikamlaza Limi kichwa kimeelekea jikoni apate joto la kutosha, nikafukua, nikapepea kwa mfuniko wa ndoo. Jivu likaruka. Limi akakohoa mpaka akajikunja. Nikasema, vumilia mama, moto unakuja.

Masele alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu kwenye mvua.

"Mama Limi, mtoe mtoto humo."

"Nimpeleke wapi?"

"Mpeleke chumbani."

"Alale kwenye maji? Umesikia daktari alivyosema, au ulikwenda kutembea?"

Akatazama chini. Nilidhani ni uchovu. Kumbe alikuwa anajua ule mvuke ni sumu, maana wachimbaji wanajua. Wanaambiwa kila siku, wanaona wenzao mikono inatetemeka mpaka hawawezi kushika bakuli. Anajua, na midomo imefungwa.

Ndipo akaja Bujiku kumjulia hali mgonjwa, ameshika kilo ya sukari kwenye mfuko. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko, pikipiki yake akaiegemeza kwenye ukuta.

"Hodi humu! Shemeji, poleni. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Kama unavyomwona, shemeji. Karibu, kaa kwenye kigoda."

"Limi, mayu, mama yangu, umefanyaje? Nani atamsimulia kuku hadithi?" Limi akakohoa tu. Bujiku akaangalia huku na huku akijikausha uso. "Humu ndani pana joto. Hapa atapona."

"Mtoe mtoto humo," alisema Masele tena.

Bujiku akacheka. "Tazama mwanaume! Amesimama kama jogoo aliyenyeshewa, anatoa amri kwa wanawake. Masele, ingia ndani ufunge mlango, unatupunguzia joto."

Masele hakuingia na mlango hakufunga. Aliniangalia mimi, akamwangalia Bujiku. Nililiona lile jicho, nikafikiri ameugua na yeye. Kumbe alikuwa anapima. Akisema, Bujiku amesikia: jiwe la duara, soksi, wizi. Kwa wachimbaji mtu wa hivyo hashuki shimoni tena na wenzake, hapo wala popote habari zake zitakapofika. Asiposema, mtoto analala pale pale.

Uji niliouinjika kwenye makaa yale ulikuwa umeiva. Nikanyoosha mkono ukutani, nikachukua kile kijiko kirefu. Kwenye tumbo lake palikuwa na doa jeupe la kung'aa, kama pamesuguliwa kwa bati. Nikasema nani ameniharibia kijiko. Nikakipangusa kwa kanga niliyojifunga, nikachota uji, nikapuliza.

"Limi, fungua mdomo. Kidogo tu."

Akafungua.

Masele aliruka kutoka mlangoni. Alikipiga kijiko kwa kiganja, uji ukaruka ukutani na mwingine kifuani pangu. Uliniunguza, lakini maumivu niliyasikia baadaye.

"Umerogwa wewe?" nilipiga kelele.

"Nimechomea dhahabu," alisema. "Humu. Jana. Kwa kijiko hicho. Na yeye alikuwa amekaa pale."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Bujiku alikuwa bado ameshika mfuko wake wa sukari.

"Dhahabu ya wapi?" aliuliza taratibu.

"Ya duara."

"Ya duara letu?"

"Ndiyo."

Mimi nilikuwa bado nimeshika ncha ya kanga, ile kanga niliyopangusia. Masele akanigeukia, machozi yanashuka, na hakusema kwa ugomvi, alisema kama mtoto anayejitetea: "Si ulisema moto usipotee bure?"

Bujiku akasimama. Nilijua atampiga, na moyoni nikataka ampige. Akatupa sukari chini, akainama, akamnyanyua Limi kutoka kwenye mkeka, akatoka naye kwenye mvua.

"Shemeji! Vua hiyo kanga, chukua nyingine ndani ya nyumba. Lete na sandarusi ya kumfunika mtoto. Haraka!" Alipompita Masele hakumtazama. "Wewe tutaongea."

Tulifika zahanati kwa pikipiki ya Bujiku, tumelowa wote. Deusdedit alipotuona alisimama kabla hatujasema. Safari hii nilisema yote mimi, zebaki, kijiko, mlango uliofungwa. Nikasema na la dirisha. Misumari minne, nikamwambia, sijui kwa nini nilitaka aijue idadi.

"Kwa nini hamkusema asubuhi?" aliuliza. Hakungoja jibu. Tayari alikuwa anapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Hospitali ya Geita mjini tulikaa siku kumi na moja. Siku tatu za mwanzo Limi alipumua kwa mpira wa oksijeni, na mimi nilihesabu kifua kikipanda mpaka nikawa nahesabu hata usingizini. Daktari wa pale alinieleza polepole, maana aliona nimeishia darasa la saba na nina hofu. Alisema mvuke ule ukifungiwa ndani unaingia mapafuni mwa mtoto upesi kuliko mtu mzima, na baada ya hapo unatafuta ubongo. Unashika kwenye ukuta, kwenye jivu, kwenye nguo. Kila ukipasha moto mahali pale, unaamka tena. Nikamuuliza, je, ningemwacha pale mkekani mpaka jioni? Aliniuliza kama nimekula.

Banda tulilibomoa kwa maelekezo ya bwana afya. Aliyebomoa ni Masele, amejifunga kitambaa puani, mimi na mtoto tuko mbali kwa Paskazia. Jiko langu banifu, kapu, mkeka, kijiko, udongo wa juu wa sakafu, vyote vilikwenda kuzikwa kwenye shimo alilotuelekeza bwana afya, mbali na kisima. Mayai ya kuku pia.

Duara lilikaa kikao, wakamfukuza Masele mbele ya watu wote, Bujiku mwenyewe ndiye aliyesoma jina. Halafu Bujiku huyo huyo akaja jioni kumsalimia Limi. Sasa hivi Masele anafyatua tofali bondeni. Hatujasameheana vizuri. Kuna siku tunakula pamoja, kuna siku sahani yake naiweka na kuondoka.

Limi yuko darasa la kwanza. Anacheka, anaongea, amerudia hadithi zake. Lakini mkono wa kulia unatetemeka akishika penseli. Herufi zake zinakwenda kama majani yanayopigwa na upepo. Mwalimu wake, Asteria, anamwachia aandike kwa herufi kubwa. Daktari alisema huenda itaisha kadiri anavyokua. Alisema huenda, nami hilo neno nimelala nalo mwaka mzima.

Usielewe vibaya. Mimi mkaa bado naupunguza. Moto wangu bado ni mmoja, maharage nayaloweka, kapu nimetengeneza jingine, na kule kwetu Mwakitolyo nimemwambia kaka yangu aifunge tena ngitili ya baba, hata kama imebaki vichaka. Ile kazi ni ya haki. Ila wewe uliyebana kila kitu kama nilivyobana mimi, kaa na watu wa nyumbani kwako uwaambie wazi: moto uliobaki ni wa maji na chakula tu. Hauchomi dhahabu, hata punje. Na sahani wala kijiko cha nyumba hakiendi kwenye zebaki, wala cha zebaki hakirudi nyumbani. Mume akicheka, acha acheke. Daktari akikuuliza, sema kila kitu, hata kile kinachokuaibisha. Hasa hicho.

Banda letu jipya lina madirisha mawili makubwa, hayana hata pazia. Upepo unakula mkaa wangu, naona kabisa unavyokula, na ninauacha ule. Kila mchana kabla sijafukua makaa nauliza kwa sauti, "Nani ameingia humu?" Limi ananijibu kutoka uani, "Hakuna mtu, mama." Hata hivyo naingia mwenyewe kwanza, nasimama, nanusa. Najua zebaki haina harufu. Nanusa tu.